Kikokotoo cha Umbali wa Ndege: Kilomita Zake Nazikubali, Saa Zake Bado

Kwa muda wa miezi mitano sasa nimekuwa nikitumia huduma moja ya intaneti inayokokotoa umbali wa ndege na muda wa safari kati ya miji miwili yoyote duniani. Mtumiaji huandika jina la mji wa kuondokea na la mji wa kufikia, akabonyeza kitufe, na papo hapo akapata kilomita, maili, maili za baharini, mwelekeo wa kuanzia safari, makadirio ya muda wa kukaa angani, tofauti ya saa kati ya miji hiyo na ramani yenye mstari mwekundu. Huduma ni ya bure na haimlazimishi mtu kujisajili. Sitaitaja jina, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimezikuta pia katika huduma nyingine tatu za namna hiyo, na si haki moja ibebe lawama ya zote. Nimeipima kwa njia ambazo umbali wake unajulikana na ratiba zake hupatikana kwa urahisi, maana mtu anayepanga safari ya nusu dunia anastahili kupewa takwimu anazoweza kuziegemea.

Nianze na umbali, ambao ndio ubora wake mkubwa. Kati ya London na New York huduma ilinipa kilomita 5,585, na kati ya London na Sydney ikanipa takribani 16,990. Nilipozikokotoa njia hizo upya kwa kanuni ambayo Thaddeus Vincenty aliichapisha mwaka 1975, kanuni inayozingatia kwamba dunia si mviringo kamili, tofauti haikufika hata kilomita moja. Hilo linaonyesha kwamba waliotengeneza programu hii hawakuridhika na njia ya mkato. Dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake: kutoka kitovu hadi ikweta ni kilomita 6,378, ilhali kutoka kitovu hadi kwenye ncha ni kilomita 6,357. Mtu akiichukulia kuwa mpira wa nusu kipenyo cha kilomita 6,371, kama zinavyofanya huduma nyingi, anaweza kukosea kwa hadi nusu ya asilimia moja. Katika safari ya London na Sydney kosa hilo linaweza kukaribia kilomita 85, yaani mwendo wa ndege wa dakika zisizozidi sita. Ni kosa dogo kwa abiria, lakini huduma iliyojishughulisha kuliepuka imenipa imani na hesabu zake nyingine za kilomita.

Ramani yake nayo imechorwa kwa uangalifu. Mtu aliyezoea ramani bapa ya ukutani hushangaa kuona mstari wa New York hadi Tokyo ukipanda kaskazini mpaka maeneo ya Alaska badala ya kukata moja kwa moja katikati ya Bahari ya Pasifiki. Nilichukua tufe la mezani lenye kipenyo cha sentimita 30, nikaushika uzi kwa kidole gumba pale New York, nikauvuta mpaka Tokyo na kuukaza hadi ukanyooka wenyewe. Uzi ulipita karibu na Alaska, palepale ulipopita mstari mwekundu wa kwenye skrini, nao ulikuwa na urefu wa sentimita 25 na nusu. Kwa kuwa mzingo wa tufe hilo ni kama sentimita 94 na mzingo wa dunia ni kilomita 40,000, kila sentimita ya uzi ilisimama badala ya kilomita 425 hivi, na jibu likawa takribani kilomita 10,800, sawa na lile la huduma kwa kadiri rula ya shuleni inavyoweza kupima. Wanajiografia huiita njia hiyo duara kuu, na ndiyo fupi kuliko zote juu ya uso wa tufe. Siri yake ni kwamba mistari ya longitudo husogeleana kadiri mtu anavyokwenda kuelekea kwenye ncha: digrii moja ya longitudo ina kilomita 111 kwenye ikweta, lakini katika latitudo ya digrii 60, ilipo Helsinki, ni nusu tu ya hizo. Ndiyo maana pia huduma huonyesha kwamba ndege ya kutoka London kwenda New York huanza safari kwa mwelekeo wa digrii 288, yaani magharibi kwa kuelemea kaskazini, ingawa New York iko kusini zaidi kuliko London. Mtumiaji mgeni angefaidika kama huduma ingemweleza sababu kwa sentensi mbili, kwa maana nimewasikia watu wazima wakidhani ramani imekosewa.

Jambo moja tu la umbali lingehitaji kurekebishwa. Huduma hupima kutoka katikati ya mji hadi katikati ya mji, na ndege haipai kutoka katikati ya mji. Kutoka uwanja wa Heathrow hadi uwanja wa John F. Kennedy ni kilomita 5,550 na ushei, ambazo ni pungufu kwa kilomita 30 hivi ya zile tulizopewa. Kwa Tokyo mtumiaji angepaswa kuulizwa kama anakwenda Haneda, uliomo ndani ya jiji, au Narita, ulio umbali wa kilomita 60 hivi kutoka katikati ya jiji, kwa sababu tofauti hiyo haimgusi rubani sana, lakini humgusa abiria anayetua usiku akiwa na mizigo na watoto.

Sasa niingie kwenye muda wa safari, ambako sikubaliani na huduma hii. Kwa London na New York iliniandikia saa 6 na dakika 42, na kwa London na Sydney saa 19 na dakika 23. Nilitoa muda mdogo katika mkubwa, nikatoa na umbali mdogo katika mkubwa, kisha nikagawanya, na nikapata mwendokasi wa kilomita 900 kwa saa kasoro kidogo sana. Nikajaribu njia nyingine nne, na kila mara jibu likawa lilelile. Basi kumbe huduma hufanya hesabu ya mtoto wa shule ya msingi: inachukua kilomita, inazigawanya kwa 900, halafu inaongeza dakika 30 za kupaa na kutua. Mwendokasi huo wenyewe hauna ubaya, kwa sababu ndege kubwa za abiria huenda kwa kadiri hiyo zikishafika juu. Ubaya ni kwamba kilomita 900 kwa saa ni mwendo wa ndege ndani ya hewa, na hewa yenyewe haijatulia.

Katika kimo cha kati ya kilomita 9 na 12, ambako ndege hizi huruka, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa majira ya baridi mikondo hiyo huweza kupita kilomita 300 kwa saa. Tuchukulie upepo wa wastani tu, wa kilomita 150 kwa saa. Ndege inayotoka New York kwenda London itasukumwa mgongoni na kufikia kilomita 1,050 kwa saa, na kilomita 5,550 itazimaliza kwa saa 5 na dakika 17. Ikirudi kwa njia hiyohiyo itapambana na upepo usoni, mwendo utashuka hadi kilomita 750, na safari itachukua saa 7 na dakika 24. Tazameni vizuri hesabu hii, maana ina jambo ambalo wengi hawalitarajii: kwenda na kurudi bila upepo kungechukua saa 12 na dakika 20, lakini kwa upepo kunachukua saa 12 na dakika 41. Upepo haurudishi wakati wa kwenda kila ulichochukua wakati wa kurudi, kwa sababu ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoipinga kuliko ndani ya upepo unaoisaidia. Kwa hiyo hata anayejitetea kwamba muda mmoja wa pande zote mbili ni wastani, wastani wake haujakaa sawa.

Huduma hii inatoa muda uleule kwa kwenda na kwa kurudi, hadi dakika. Ratiba za mashirika ya ndege husema vingine kabisa: London kwenda New York hupangiwa kama saa 8, na New York kwenda London kama saa 7. Mfano ulio wazi kuliko yote ulitokea mwezi Februari 2020, pale ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 ilipobebwa na upepo wa dhoruba na kutua Heathrow baada ya saa 4 na dakika 56 tu tangu ipae New York. Marubani wa njia hiyo wanaujua upepo huu kiasi kwamba barabara za angani juu ya Atlantiki ya Kaskazini hupangwa upya mara mbili kila siku, ili wanaoelekea mashariki waufuate na wanaoelekea magharibi waukwepe. Na kwa kuwa nimesikia maelezo haya yakitolewa mara nyingi, niseme pia kwamba tofauti hiyo haitokani na dunia kuzunguka chini ya ndege. Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo.

Kuna pia suala la nini hasa kinachopimwa. Muda ulioandikwa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho mpaka inapofika kwenye maegesho ya uwanja wa pili, pamoja na kujikokota ardhini, kusubiri zamu ya kupaa na, kwenye viwanja vyenye msongamano kama Heathrow, kuzungukazunguka angani kabla ya kuruhusiwa kutua. Dakika 30 zinazoongezwa na huduma hazitoshi kubeba hayo yote. Ukurasa hauelezi popote kama muda wake ni wa angani pekee au ni wa tangu mlango hadi mlango, na mtumiaji wa kawaida ataulinganisha moja kwa moja na tiketi yake.

Madhara ya kasoro hizi nimeyaonja. Mwezi Machi nilikuwa napanga safari ya kutoka London kwenda New York, na kabla sijakata tiketi ndugu yangu aliniomba nimpe saa ya kufika ili aombe ruhusa kazini aje kunipokea. Nilijua ndege niliyoitaka huondoka saa 5 asubuhi, nikaiuliza huduma, nayo ikanijibu kwamba nitafika saa 6 na dakika 42 mchana kwa saa za New York. Ndugu yangu akaomba ruhusa ya mpaka saa 8. Tiketi ilipotoka ikaonyesha kwamba ndege hufika saa 9 alasiri, na ikabidi arudi kwa msimamizi wake kuomba upya, jambo ambalo halikumpendeza yeye wala msimamizi. Nilikaa nikachambua tofauti ile ya saa 2 na dakika 18. Saa 1 na dakika 18 zilitokana na upepo na mambo ya maegesho niliyokwisha kuyaeleza. Saa nzima iliyobaki ilitokana na kitu kingine: Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, wakati Uingereza husubiri mpaka Jumapili ya mwisho ya mwezi huo, na katika wiki hizo za katikati tofauti ya London na New York huwa saa 4 badala ya saa 5. Huduma ilikuwa imeshikilia saa 5 za mwaka mzima. Huduma inayojitangaza kuwa inatoa saa ya kufika haina budi kuuliza tarehe ya safari, na hii haiulizi.

Nasikitika kulisema hilo kwa sababu katika mambo mengine ya saa imejitahidi. Inajua kwamba India iko mbele ya saa za kimataifa kwa saa 5 na nusu, na Nepal kwa saa 5 na dakika 45, robo saa ambayo huduma mbili nilizozilinganisha nayo ziliidondosha. Inaumudu pia mstari wa tarehe wa kimataifa. Niliipa safari ya kutoka Tokyo saa 11 jioni kwenda Los Angeles, na ikaonyesha sawasawa kwamba abiria hufika asubuhi ya siku ileile aliyoondoka, kabla hata saa ya kuondoka haijafika kwenye kalenda ya huko anakokwenda. Maneno "siku ileile" yameandikwa kwa rangi ya kijani chini ya jibu, na ni msaada mkubwa kwa anayekodi chumba cha hoteli, kwa sababu mtu akikosea siku hapo hulipia usiku asioulala.

Kasoro nyingine ya muda ni kwamba huduma haijui kama anga liko wazi. Kwa Helsinki na Tokyo ilinipa kilomita 7,800 na ushei na muda wa saa 9 na dakika chache. Kabla ya mwaka 2022 jibu hilo lingekaribia ukweli, kwa sababu ndege zilikatiza juu ya Siberia na kufika kwa takribani saa 9 na nusu. Tangu anga la Urusi lilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya mwaka huo, ndege za Finnair, shirika la Finland, hulazimika kuzunguka kwa kupitia kaskazini karibu na ncha au kwa njia ya kusini, na safari imefika kama saa 13. Jambo la kukumbukwa ni kwamba shirika hilohilo lilianza kuruka Helsinki hadi Tokyo bila kutua mwaka 1983 kwa ndege aina ya DC-10, likipita juu ya Ncha ya Kaskazini, kwa sababu wakati ule pia njia fupi ya Siberia ilikuwa haipatikani. Mstari mwekundu wa kwenye ramani haujui habari hizo zote, na mtumiaji hapewi hata neno moja la tahadhari. Hali ni hiyohiyo kwa njia za kusini kabisa mwa dunia, kama Sydney hadi Santiago, ambako duara kuu hushuka kuelekea Antaktika na ndege za injini mbili hubanwa na sheria ya kutokwenda mbali kupita kiasi na uwanja wa dharura.

Halafu kuna miji ambayo hesabu inaiunganisha lakini ratiba haiiunganishi. Zile saa 19 na dakika 23 za London na Sydney zilinishangaza kwa namna tofauti, kwa sababu ni kweli zinawezekana. Novemba 2019 Qantas, shirika la ndege la Australia, iliirusha Boeing 787-9 kwa majaribio katika njia hiyo, ikiwa na watu wapatao 50 tu, nayo ikatua baada ya saa 19 na dakika 19. Miaka 30 kabla yake, Agosti 1989, Boeing 747-400 ya shirika hilo ilikuwa imefanya safari hiyo kwa saa 20 na dakika 9, nayo ikiwa karibu tupu. Msafiri wa kawaida amezoea kutua Singapore, Dubai au mji mwingine wa katikati, na safari yake yote hukaribia au kupita siku nzima. Hata pale ndege isiyotua ipo, upande mmoja unaweza kuwezekana na mwingine ukashindikana: Aprili 2024, Qantas ilipolikwepa anga la Iran, ndege yake ya Perth kwenda London ililazimika kutua Singapore kuongeza mafuta, lakini ile ya London kwenda Perth iliendelea kwenda moja kwa moja kwa sababu upepo ulikuwa mgongoni mwake. Kikokotoo kinachotoa jibu moja kwa pande mbili hakiwezi kumwonyesha mtu jambo kama hilo hata kidogo.

Kuhusu majina ya miji nitasema machache. Niliandika San José nikiwa na maana ya mji mkuu wa Costa Rica, na huduma ikanipeleka California bila kuniuliza. Ingekuwa vyema orodha ndogo ijitokeze pamoja na majina ya nchi, kwa kuwa makosa ya namna hii yamewahi kuwafikisha watu mbali: mwaka 2002 watalii wawili wa Uingereza waliotaka kwenda Australia walijikuta wametua Sydney ya Nova Scotia, nchini Kanada.

Kwa upande wa umbali naipa huduma hii alama tisa kwa kumi, na naitumia bila wasiwasi ninapotaka kulinganisha njia mbili au kujua kama ndege ya aina fulani inaweza kuufikia mji fulani bila kutua. Ndege ya Singapore hadi New York, kwa mfano, ina kilomita zaidi ya 15,300 na ratiba ya zaidi ya saa 18, na huduma iliupata umbali huo barabara. Kwa upande wa muda naipa nne. Kwa sasa ninachofanya ni kuchukua kilomita zake, kisha nafungua ratiba za mashirika mawili yanayoruka njia hiyo na kusoma muda wa kwenda na wa kurudi kila mmoja peke yake, kwa tarehe ileile ninayokusudia kusafiri.

Nimewaandikia wahusika na kuwaomba mambo mawili ambayo hayahitaji mtambo mpya: waweke sehemu ya kuandika tarehe, na chini ya kila jibu la muda waandike kwa herufi zinazosomeka kwamba limepatikana kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, bila upepo na bila kusimama njiani. Wamenijibu kwa adabu kwamba la tarehe linafanyiwa kazi. La pili hawajaligusia, na ndilo ninalolisubiri zaidi, kwa kuwa ni sentensi moja tu.